Bango la Tahadhari Lililozibwa: Maana ya Notisi kwa Lori la Mizigo Hatarishi na Hatua za Kuchukua

Malori yanayobeba mafuta, gesi, asidi, baruti na sayanaidi ni sehemu ya shughuli za kila siku katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Mengi huanza safari bandarini Dar es Salaam, yakapita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, kisha yakagawanyika. Yapo yanayoelekea Kahama na kupitia Runzewe hadi njia panda ya Bwanga, na yapo yanayochukua njia ya Mwanza, Sengerema, Geita na Katoro kabla ya kuingia Wilaya ya Chato. Humo njiani hupita katikati ya minada, stendi za mabasi, shule na vijiji vya wavuvi vinavyotegemea maji ya Ziwa Victoria.

Kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, malori hayo hufanana. Kinachotofautisha lori la saruji na lori la sumu ni bango dogo lenye umbo la mraba uliosimamishwa kwa pembe yake, lililobandikwa ubavuni na nyuma ya gari. Bango hilo likifunikwa na turubai, tope au mzigo uliofungwa vibaya, tofauti hiyo hutoweka. Ndiyo sababu dereva anaweza kusimamishwa na kuandikiwa notisi hata kama mzigo wake una vibali vyote na bango lenyewe lipo.

Makala haya yanaeleza kazi ya bango la tahadhari, sababu za bango lililozibwa kuhesabiwa kuwa kosa, mgawanyo wa wajibu kati ya dereva, mmiliki na mpakiaji, pamoja na hatua za kufuata baada ya notisi kutolewa.

Bango la tahadhari husema nini

Mabango ya mizigo hatarishi yanatokana na mapendekezo ya Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatarishi, ambayo hupanga bidhaa hizo katika madaraja tisa. Daraja la kwanza ni baruti na vitu vinavyolipuka. La pili ni gesi. La tatu ni vimiminika vinavyowaka, kama petroli na dizeli. La nne ni vitu vikavu vinavyowaka, vikiwemo vinavyowaka vyenyewe na vile vinavyotoa gesi ya kuwaka vikiguswa na maji. La tano ni vitu vinavyochochea moto, mfano naitreti ya amonia. La sita ni sumu na vitu vyenye vimelea vya maradhi. La saba ni vyanzo vya mionzi. La nane ni kemikali babuzi, kama asidi ya salfuriki na kostiki soda. La tisa hukusanya hatari nyinginezo zisizoingia katika madaraja yaliyotangulia.

Kila daraja lina rangi na mchoro wake. Nyekundu yenye mwali wa moto huashiria kimiminika au gesi inayowaka. Nyeupe yenye fuvu na mifupa miwili huashiria sumu. Njano yenye mwali juu ya duara huashiria kichochezi cha moto. Bango lenye nusu nyeupe juu na nusu nyeusi chini, likiwa na mchoro wa kimiminika kinachounguza mkono na chuma, huashiria kemikali babuzi. Rangi hizi zilichaguliwa ili mtu asiyejua kusoma lugha yoyote aweze kutambua hatari akiwa mbali.

Pamoja na rangi kuna namba. Umoja wa Mataifa umeipa kila bidhaa hatarishi namba ya tarakimu nne. Petroli ni 1203, dizeli ni 1202, gesi ya kupikia ni 1075, asidi ya salfuriki ni 1830, na sayanaidi ya sodiamu katika hali ya yabisi ni 1689. Ofisa wa zimamoto anayeiona namba hiyo anaweza, ndani ya dakika chache, kujua iwapo atumie maji au asitumie, awahamishe watu umbali gani, na mavazi gani ya kujikinga yanahitajika.

Katika ukanda wa dhahabu suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya sayanaidi, kemikali inayotumika kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa, katika migodi mikubwa na katika mitambo ya uchenjuaji ya wachimbaji wa kati na wadogo. Sayanaidi ya sodiamu haiwaki yenyewe, lakini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu kali inayoweza kuua kwa muda mfupi, na ikilowana inaweza kutoa gesi hiyo polepole. Ikiingia majini, kiasi kilicho chini ya miligramu moja kwa kila lita ya maji kinatosha kuua samaki. Mwokoaji anayefika kwenye ajali bila kujua kuwa mbele yake kuna sayanaidi anaweza kufanya jambo lililo sahihi kwa ajali ya kawaida, na jambo hilohilo likaongeza maafa.

Kwa nini bango lisiloonekana ni kosa

Hoja ya kawaida ya dereva anayesimamishwa ni kwamba bango lipo, ila limefunikwa kidogo. Hoja hiyo inasahau bango limewekwa kwa ajili ya nani. Dereva anajua alichobeba, na nyaraka zake zinaeleza. Bango ni kwa ajili ya saa ambayo dereva hawezi tena kusema: amebanwa ndani ya kabini, amepoteza fahamu, amekimbizwa hospitali au ameogopa na kukimbia. Saa hiyo nyaraka zimo ndani ya gari ambalo hakuna anayepaswa kulisogelea. Taarifa pekee inayosomeka kutoka mbali ni ile iliyo nje ya gari, na isiposomeka ni sawa na kutokuwepo.

Historia inatoa mafunzo. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wengi wakakusanyika kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Moto ulipolipuka, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, na Taifa likaingia katika maombolezo ya siku tatu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kuwa lori lile lilikuwa la mafuta. Funzo lake kwa makala haya ni jinsi watu wanavyolikimbilia lori lililoanguka badala ya kulikimbia. Ikiwa hali ni hiyo kwa mzigo unaofahamika, hatari huwa kubwa zaidi kwa shehena ambayo haina harufu wala dalili inayofahamika na wengi, na ambayo bango lake limezibwa.

Nchini Ghana, tarehe 20 Januari 2022, lori lililokuwa likipeleka baruti katika mgodi wa dhahabu wa Chirano liligongana na pikipiki karibu na kijiji cha Appiatse. Watu walisogea kutazama. Mlipuko uliofuata uliua watu wasiopungua 13 na kubomoa sehemu kubwa ya kijiji.

Mfano unaofanana zaidi na mazingira ya Chato ulitokea Kirgizistani, Asia ya Kati. Tarehe 20 Mei 1998 lori lililokuwa likielekea mgodi wa dhahabu wa Kumtor lilitumbukia katika mto Barskoon likiwa na sayanaidi ya sodiamu, na takribani tani 1.7 ziliingia majini. Mto huo humwagilia mashamba ya vijiji na kutiririka kuelekea ziwa Issyk-Kul. Wakazi wa vijiji vya chini walipata taarifa baada ya saa kadhaa kupita, na maelfu ya watu walifika katika vituo vya afya. Katika ajali ya aina hiyo, kila dakika inayopita kabla mzigo haujatambuliwa ni dakika ambayo watu wanaendelea kunywa, kuoga na kunywesha mifugo.

Namna mabango yanavyozibwa

Ni mara chache dereva hukusudia kuficha bango. Kwa kawaida huzibwa na mazoea ya safari, na mazoea hayo yanajulikana:

1. Turubai na kamba. Mzigo ukifunikwa dhidi ya mvua, ncha ya turubai hushuka juu ya bango la ubavuni. Kamba au mikanda ya kufungia mzigo pia hupita katikati yake na kukata namba.

2. Tope na vumbi. Barabara za udongo mwekundu zinazoingia migodini na kwenye mitambo ya uchenjuaji hupaka bango rangi moja. Bango lililowekwa chini, karibu na magurudumu, huchafuka kwanza.

3. Mizigo ya ziada. Utingo huning'iniza nyuma ya tela madumu ya maji, magunia ya mkaa au gurudumu la akiba, na bango la nyuma likafichika. Kwa gari lenye shehena hatarishi, mkaa na madumu hayo ni hatari nyingine inayojitegemea.

4. Milango, ngazi na mabomba. Bango lililobandikwa kwenye mlango wa kontena hutoweka mlango ukifunguliwa na kufungwa ubavuni. Ngazi ya tangi ikipita mbele ya bango, mtazamaji huona nusu tu.

5. Matangazo na maandishi ya kupamba gari. Bango lililozungukwa na picha, misemo na nembo za rangi kali halionekani kwa haraka hata kama hakuna kilicholifunika.

6. Kuchakaa. Jua hupausha nyekundu ikawa waridi, na njano ikakaribia nyeupe. Bango lililopauka linaweza kusomwa kuwa la daraja jingine.

7. Mabango ya kugeuza. Yapo mabango ya bati yenye kurasa zinazokunjwa ili kubadili daraja kulingana na mzigo. Yasipofungwa vizuri, upepo huyageuza njiani.

Nchi nyingine zimeyaandika mambo haya moja kwa moja katika kanuni zao. Kanuni za shirikisho za Marekani, kwa mfano, zinataka bango liwe mbali na ngazi, mabomba, milango na maturubai, liwe mahali ambapo tope na maji ya magurudumu hayalifikii kwa kadiri inavyowezekana, na liachane na tangazo lolote kwa angalau milimita 76. Vilevile zinamtaka msafirishaji kulitunza ili rangi na usomekaji wake usipungue kwa kuharibika au kufunikwa na uchafu. Ukubwa wa kawaida wa bango la gari katika mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ni milimita 250 kwa 250. Vipimo hivyo ni rahisi kukumbukwa, na msafirishaji anayevifuata popote alipo hupunguza uwezekano wa kusimamishwa.

Sheria na mamlaka zinazohusika

Nchini Tanzania usafirishaji wa mizigo hatarishi hauko chini ya chombo kimoja, na dereva aliyeandikiwa notisi anapaswa kwanza kujua imetolewa na nani na kwa sheria ipi.

Kemikali za viwandani, ikiwemo sayanaidi, asidi na kostiki soda, zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182. Sheria hiyo, iliyotungwa mwaka 2003, pamoja na kanuni zake, inagusa usajili wa wadau, vibali, uwekaji wa lebo, uhifadhi, usafirishaji na uteketezaji. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka hiyo ipo Mwanza.

Mafuta na gesi ya kupikia vipo chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, kupitia Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Baruti za migodini huhitaji vibali vinavyosimamiwa na Tume ya Madini. Vyanzo vya mionzi, vikiwemo vipimo vinavyotumika katika mitambo ya migodi, vipo chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Leseni za magari ya biashara ya mizigo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Barabarani, Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi husimamia Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo pia inahusu namna mzigo unavyofungwa na hali ya gari.

Kwa sababu hiyo lori moja linaweza kukaguliwa na askari kwa jambo la mzigo uliofungwa vibaya, na likakaguliwa na mkaguzi wa kemikali kwa jambo la bango. Kulipa faini kwa chombo kimoja hakufuti sharti la chombo kingine.

Hatua za kufuata gari linaposimamishwa

Hatua ya kwanza ni usalama. Dereva aegeshe mahali pasipo na watu wengi, azime injini pale inapohitajika, aweke pembetatu za kuakisi mwanga na ahakikishe hakuna anayevuta sigara karibu na gari. Ukaguzi wa lori la mafuta au sayanaidi haufai kufanyika katikati ya mnada au stendi.

Hatua ya pili ni nyaraka. Dereva awe tayari kuonesha leseni ya udereva ya daraja linalostahili, kibali cha kusafirisha mzigo husika, hati ya mzigo na karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali. Nyaraka hizo zikae mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzipata kwa urahisi, na zisichanganywe na nguo chini ya kitanda cha kabini.

Hatua ya tatu ni kuondoa kizuizi papo hapo, kwa ruhusa ya mkaguzi. Turubai ikunjwe, tope lioshwe, mzigo uliofunika bango uhamishwe. Kabla ya kufanya hivyo, na pale mkaguzi anaporidhia, ni vema picha ikapigwa kuonesha hali ilivyokuwa, na nyingine baada ya marekebisho. Picha hizo zinamsaidia dereva, na zinamsaidia mmiliki kuelewa tatizo lilitoka wapi. Endapo bango limepotea, limechanika au limepauka kiasi cha kutosomeka, gari lisiendelee na safari hadi lipatikane jipya. Bango la karatasi lililochorwa kwa mkono halitoshi.

Hatua ya nne ni kuisoma notisi kabla ya kuondoka. Mambo ya kuhakiki ni namba ya usajili ya gari na ya tela, tarehe, saa na mahali, maelezo ya kosa, na sheria iliyotajwa. Hapa kuna jambo la msingi linalopuuzwa mara nyingi: kutokuwa na bango, kuwa na bango lisilo la mzigo uliobebwa, na kuwa na bango lililozibwa ni mambo matatu tofauti. La kwanza na la pili linaweza kuashiria kuwa mzigo haukutangazwa ipasavyo. La tatu ni kasoro ya utunzaji. Dereva ambaye bango lake lilikuwepo ila lilifunikwa na turubai ana haki ya kuomba kwa heshima maelezo ya notisi yaakisi hali hiyo.

Hatua ya tano ni malipo. Faini za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, maarufu kama kontroo namba, kupitia benki au mitandao ya simu. Fedha taslimu haikabidhiwi mkononi kwa askari wala mkaguzi. Anayeombwa fedha ili notisi isiandikwe, au anayeona fedha ikitolewa kwa lengo hilo, anaweza kutoa taarifa TAKUKURU kwa namba 113 bila malipo. Katika mizigo ya aina hii rushwa ina madhara yanayozidi fedha iliyotolewa: lori linaondoka likiwa na bango lilelile lililozibwa, na kizuizi kinachofuata kinaweza kuwa mbali.

Ikiwa dereva hakubali kosa

Notisi ni tuhuma. Kwa makosa ya usalama barabarani, sheria inampa mtu njia mbili: kukubali kosa na kulipa kiasi kilichotajwa ndani ya muda ulioandikwa, au kutokubali na kupeleka shauri mahakamani. Dereva anayeona ameandikiwa kimakosa anashauriwa kuanza kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Wilaya, akiwa na notisi, picha na nyaraka za mzigo. Kwa notisi ya ukaguzi wa kemikali, malalamiko hupelekwa katika ofisi ya kanda ya mamlaka iliyotoa notisi.

Hoja zenye uzito ni zile zinazoweza kuthibitishwa: kwamba gari halikuwa limebeba mzigo unaohitaji bango, kwamba namba ya gari iliyoandikwa si sahihi, au kwamba bango lilikuwa likionekana pande zote zinazotakiwa na picha inaonesha hivyo. Hoja kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, au kwamba barabara ilikuwa na tope, haiondoi wajibu. Mvua na tope ni hali inayotarajiwa katika barabara za Geita, na msafirishaji anapaswa kujipanga nayo.

Kinachokatazwa ni kunyamaza. Deni lisiloshughulikiwa hubaki katika mfumo kwa namba ya gari, na humrudia mmiliki wakati wa ukaguzi mwingine au anapotaka kuliuza gari.

Dereva, mmiliki na mpakiaji

Katika vijiwe vya madereva hulalamikiwa kwamba dereva peke yake ndiye hubeba mzigo wa makosa ya wengine. Malalamiko hayo yana msingi. Dereva ndiye anayesimamishwa, lakini bango hupita mikononi mwa watu watatu kabla ya safari.

Anayetuma shehena ndiye anayejua kilichomo, hivyo ana wajibu wa kutaja daraja na namba sahihi, na kuhakikisha mizigo isiyopatana haipakiwi pamoja. Sayanaidi na asidi hazipaswi kusafiri katika gari moja, jambo linalohitaji uangalifu kwa wamiliki wa mitambo ya uchenjuaji ambao huagiza kemikali zote mbili kwa kiasi kidogo na kutafuta lori moja ili kupunguza gharama. Mmiliki wa gari ana wajibu wa kutoa mabango yaliyo imara na fremu zilizowekwa mahali panapofaa, juu ya usawa wa tope na mbali na ngazi. Dereva na utingo wana wajibu wa kuyakagua kabla ya kuondoka na kila wanaposimama.

Mmiliki anayemkata dereva mshahara kwa notisi iliyotokana na fremu iliyofungwa nyuma ya ngazi hajatatua tatizo, kwa kuwa dereva atakayefuata ataandikiwa vilevile. Utaratibu wa Marekani unatoa funzo hapa: ripoti ya ukaguzi wa barabarani hupelekwa kwa msafirishaji, ambaye ana siku 15 za kuthibitisha kwa maandishi kuwa kasoro imerekebishwa. Kampuni ya Kitanzania inaweza kujiwekea utaratibu kama huo bila kusubiri kulazimishwa, kwa kuandika katika daftari la gari kasoro iliyoonekana, aliyeirekebisha na tarehe.

Kwa sayanaidi, wachimbaji wakubwa na wasafirishaji wao wana pia Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Sayanaidi, iliyoandaliwa baada ya bwawa la mabaki ya mgodi kupasuka huko Baia Mare, Romania, tarehe 30 Januari 2000. Kanuni hiyo ni ya hiari, na inagusa uzalishaji, usafirishaji na matumizi ya kemikali hiyo migodini. Mchenjuaji mdogo asiye mwanachama wake bado anabanwa na sheria za nchi.

Gari lililoshusha mzigo

Kosa la upande wa pili ni kuacha bango la hatari kwenye gari lisilobeba hatari hiyo. Lori lililoshusha sayanaidi mgodini na kurudi na mahindi au pamba likiwa bado na fuvu ubavuni linapotosha waokoaji, na linawazoesha wananchi kuona kwamba bango halina maana. Bango liondolewe au kukunjwa mara baada ya gari kusafishwa ipasavyo. Tangi la mafuta ni tofauti: tangi lililomwaga petroli lakini halijasafishwa bado lina mvuke unaoweza kulipuka, hivyo bango lake hubaki.

Ni muhimu pia kukumbuka kuwa gari lililobeba kemikali ya sumu halifai kubeba chakula au abiria kabla halijasafishwa na kuthibitishwa kuwa salama.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi wa Buseresere, Bwanga, Muganza au Chato mjini hatarajiwi kukariri namba za Umoja wa Mataifa. Anachotakiwa kujua ni kwamba bango lenye pembe nne lililosimama kwa pembe yake ni onyo, na kwamba lori lililoanguka bila bango kuonekana lichukuliwe kuwa la hatari hadi ithibitike vinginevyo.

Inapotokea ajali, watu wakae mbali, upande ambao upepo unatoka, wasiguse kitu kilichomwagika wala kuchota. Miongozo ya dharura inayotumika Amerika Kaskazini hutaja umbali wa mita 800 kila upande endapo tangi la petroli limeshika moto. Taarifa itolewe kwa Jeshi la Polisi namba 112 au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba 114. Anayepiga simu akiweza kuona bango kutoka mbali, ataje rangi, mchoro na namba anayoiona. Maneno machache kama "jeupe lenye fuvu, 1689" yanaweza kubadili namna gari la zimamoto litakavyofika na vifaa vitakavyobebwa. Ikiwa shehena imeingia mtoni au ziwani, viongozi wa vijiji na wa mialo ya chini wajulishwe mara moja ili matumizi ya maji yasimame.

Wananchi wanaoishi karibu na maegesho ya malori wanaweza pia kusaidia kabla ya ajali. Kumwambia dereva kwamba turubai limefunika bango lake si kumwingilia kazi. Ni jambo la jirani mwema, na humwepusha na notisi.

Ukaguzi kabla ya safari

Marekebisho ya kosa hili ni ya gharama ndogo kuliko mengi ya barabarani. Kabla ya kuondoka, na katika kila mapumziko, dereva na utingo walizunguke gari wakiwa na ndoo ya maji na kitambaa. Wasimame hatua kadhaa kutoka ubavuni na nyuma ya gari, na wajiulize maswali manne: je, bango linaonekana lote, je, rangi yake ni ile iliyokusudiwa, je, namba inasomeka, na je, ndilo bango la mzigo uliopo leo? Jibu la hapana kwa swali lolote lirekebishwe kabla injini haijawashwa.

Notisi inaweza kulipwa na kusahaulika. Lakini lori lililoandikiwa notisi Singida na kufika Chato likiwa na turubai lilelile juu ya bango lilelile, faini yake imelipwa na hatari yake imebaki. Kwa hiyo notisi ihesabiwe kuwa imefungwa pale risiti imepatikana na bango linaonekana.